Jiwe Nyuma ya Migomba

Kijiko kilianguka kwenye sakafu ya saruji, kikalia mara tatu, kikazunguka, kikatulia chini ya meza. Alfajiri ilikuwa bado mbichi, hata jogoo wa jirani alikuwa hajaanza kelele zake. Bibi Elinipa alisimama kando ya jiko akiutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaga maziwa. Hakuukasirikia. Aliuuliza tu, "Na leo pia?"

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu ateleze. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba na kupata joto, na vidole vilishika vitu kwa muda mfupi tu, kisha vikaviachia bila taarifa. Alichukua kijiko kingine kwa mkono wa kushoto, akakoroga chai, akatoka nacho kikombe nje kuitazama kahawa.

Ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umelala juu ya migomba. Katikati yake mibuni ilikuwa imeinama kwa uzito wa matunda mekundu. Kahawa ikishaiva haina subira. Ukiichuma leo, leo hiyohiyo uimenye, uitoe ganda lake kabla haijaanza kuchacha. Na mashine ya kumenyea ilikuwa pale pembeni mwa nyumba, ya kijani, nzuri, imesimama kwa miguu yake mirefu ya chuma. Mpini wake wa kuzungushia, ukifika juu, ulipita paji la uso wa Bibi Elinipa.

Mashine hiyo ilitoka kwenye karakana ya Sadoki, kule Ngarenaro. Sadoki alikuwa kijana wa kijiji hichohicho. Mama yake na Bibi Elinipa walibatizwa siku moja na kuchota maji mfereji mmoja. Alipofungua karakana mjini na kutengeneza mashine yake ya kwanza, aliileta kanisani siku ya sikukuu ya mavuno, kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi. Akasimama mbele, mrefu kama nguzo ya umeme, akaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akimenya kahawa kwa jiwe mpaka kucha zikang'oka. Kisha akaanzisha wimbo. Waumini wakaitikia wakilia. Mchungaji akaiwekea mashine mikono na kuiombea. Mwaka huo kaya ishirini na mbili zilichukua mashine, na kila moja ilifanana na ile ya kwanza kwa kila kitu, mpaka rangi.

Tatizo lilionekana juma la kwanza. Sadoki aliijaribu mashine yake kwa urefu wake mwenyewe, na kule mlimani wanaomenya kahawa ni wanawake. Basi kila mwanamke akatafuta jiwe la kusimamia. Esther, jirani wa Bibi Elinipa, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, aliliita jiwe lake mimbari. "Ngoja nipande mimbarini," alikuwa akisema, "leo nina neno refu, ndoo tano."

Mume wa mmoja wao aliwahi kuleta msumeno akate miguu ya mashine. Mkewe alimshika mkono. Ukate miguu ya kitu kilichoombewa madhabahuni? Na Sadoki akija kukiona kimekatwa, utamwambia nini? Kwa sababu Sadoki alikuwa na desturi ya kuja. Alituma salamu kwanza, kisha alikuja na wimbo na mikate, akamwita kila mtu kwa jina, akamkumbuka mpaka ndama aliyekuwa mgonjwa mwaka uliopita. Siku ya salamu zake, wanawake wote waliyabiringisha mawe yao na kuyaficha nyuma ya migomba. Hakuna aliyewaagiza. Mtu amekuletea zawadi kwa moyo ule, humwonyeshi ilipopinda.

Hivyo ndivyo miaka minne ilivyopita. Mpaka asubuhi ile yenye umande, jiwe la Bibi Elinipa lilipoteleza.

Mwanawe Yona alikuwa amekuja kutoka Terrat Jumamosi mbili mfululizo kummenyea. Aliacha kazi zake, akazungusha mpini mpaka jioni, hakulalamika hata mara moja. Bibi aliyaona hayo yote na kuyaweka moyoni. Ndiyo maana Yona aliposema alichosema, hakuweza kumgombeza.

"Mama, ukweli ni kwamba huwezi tena," alisema akinawa. "Mimi nakuomba tuikate hii kahawa. Tupande parachichi, halihitaji mashine. Wewe uje Terrat ukae na wajukuu."

"Mibuni hii nilipanda na baba yako mwaka niliokuja hapa."

"Najua, Mama. Sasa tufanye hivi. Jumamosi ijayo nikija, uwe umemenya ndoo moja peke yako. Moja tu. Ukiweza, sitasema tena neno. Usipoweza, nakuja na msumeno."

"Ndoo moja," alisema Bibi Elinipa, na walikubaliana hivyo.

Leo ilikuwa Jumatatu. Yona alikuwa anakuja kumpeleka mjini kwenye zahanati.

*

Kwenye zahanati walimfunga mkono kwa bendeji pana, wakamwambia asinyanyue kitu majuma matatu. Walipotoka, Bibi akasema, "Nipitishe Ngarenaro kwa Sadoki. Nina neno naye."

Neno lilikuwa jepesi. Alikuwa amelirudia njia nzima: Sadoki mwanangu, mpini uko juu, ushushe. Maneno machache tu. Yona akamwacha mlangoni akaenda kazini, akaahidi kumpitia saa kumi.

Karakana ilikuwa na mafundi kumi na wanne, cheche za kuchomelea, na harufu ya rangi. Sadoki alimwona kutoka mwisho wa banda.

"Zimeni mashine! Zimeni zote!" alipaza sauti. "Mama Yona amekuja! Mnamjua huyu? Huyu alinifundisha sala ya Bwana kwa fimbo ya mpera!"

"Muongo mkubwa," alisema Bibi Elinipa akicheka. "Fimbo ilikuwa ya mbuni."

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Mafundi wakacheka, wakaja mmoja mmoja kumwamkia. Fundi mzee aitwaye Abdiel akamletea kiti chake mwenyewe, chenye mto, na yeye akakaa juu ya ndoo. Mwanamke mmoja wa miaka kama thelathini na mitano, amevaa ovaroli na miwani ya kuchomelea kichwani, alisogeza kikombe cha chai upande wa mkono wake mzima bila kuambiwa. Bibi aliliona hilo. Akauliza jina lake. Aliitwa Vaileth.

Sadoki akachuchumaa mbele ya kiti, akaushika mkono wenye bendeji kwa mikono yake miwili mikubwa. Macho yake yakamtazama kana kwamba mji wote wa Arusha haukuwa na mtu mwingine.

"Umeumia wapi, Mama?"

Hapo ndipo neno lilipotakiwa kutoka. Bibi Elinipa akafungua mdomo.

"Niliteleza," alisema.

"Wapi?"

"Nyumbani. Umande tu."

Akajishangaa. Aliukagua moyo wake kama anavyokagua mfuko uliotoboka: lile neno limeangukia wapi? Hakuwa anamwogopa Sadoki. Nani angemwogopa mtu mwenye macho yale? Ilikuwa kinyume chake. Alijisikia amepashwa joto, akaogopa kupoteza lile joto. Akawaza, kama mimi niliyemfunga nepi nimeshindwa, hawa wanaomtegemea wanawezaje?

Tangu hapo akaacha kufikiria mkono wake, akaanza kutazama.

Saa nne palikuwa na kikao kifupi, wote wamesimama. Sadoki alisugua mikono. "Jamani, wazo jipya. Nataka wazo jipya leo. Nani anaanza?"

Palikuwa na ukimya wa pumzi moja. Bibi alimwona Vaileth akinyanyua kidevu. Lakini Sadoki hakuwa mtu wa kuacha ukimya ukae peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Aliujaza. "Mimi nimewaza hivi, tuongeze rangi ya pili kwenye mashine!" Akaeleza kwa mikono, kwa hadithi, kwa kichekesho, mpaka ile rangi ya pili ikaonekana kama ndiyo iliyokuwa inakosekana duniani. Wote wakapiga makofi. Walimaanisha. Hata Bibi Elinipa alijikuta anapigisha kiganja cha kushoto kwenye goti. Kidevu cha Vaileth kilikuwa kimeshuka.

Baada ya kikao, Sadoki alikaa karibu naye. Uso wake, watu walipotawanyika, ulionekana umechoka kidogo.

"Mama, nikuonyeshe kitu." Akashusha sanduku la mbao lililotundikwa karibu na mlango, limeandikwa MAWAZO. Akalifungua. Ndani kulikuwa na karatasi saba au nane. Akazisoma moja moja. Mungu akubariki bosi. Bosi wewe ni baba yetu. Tunaomba Mungu akupe maisha marefu.

"Miaka minne," alisema polepole. "Tangu ile mashine ya kwanza hatujatengeneza kitu kipya. Mpaka wenzetu wa mtaa wa pili wametoa ya kukamua alizeti, ya kupura maharage. Mimi nina mafundi wazuri kuliko wao. Nawauliza, wananipa sifa. Hivi mimi nawachosha? Wananiogopa?"

"Hawakuogopi."

"Basi ni nini?"

"Sijui bado," alisema Bibi Elinipa, na ilikuwa kweli. "Ngoja nikae kidogo."

Simu ya Sadoki ikalia. Kulikuwa na wageni Themi waliotaka kumwona. Akaondoka, akiaga kila mtu kwa jina, na gari lake likatoka getini.

Kwa muda hakuna kilichobadilika. Kisha Bibi akaanza kusikia kelele tofauti. Nyundo zilikuwa zilezile, ila sasa watu walikuwa wanabishana. "Hiyo haishiki, nimekwambia!" "Geuza basi, tuone." Abdiel alikuwa anamtania mwenzake kwamba anachomelea kama anayepaka mtoto mafuta. Na Vaileth akaenda mwisho wa banda, akavuta turubai la bluu.

Bibi Elinipa akanyanyuka na kikombe chake, akamfuata taratibu.

Chini ya turubai kulikuwa na mashine ya kumenyea kahawa. Lakini ilikuwa fupi, imekaa karibu na ardhi kama mbuzi anayetafuna, ina kiti cha ubao mbele yake. Haikuwa na mpini. Chini ilikuwa na kile kikanyagio cha chuma chenye maua cha cherehani ya zamani.

"Yesu wangu," alisema Bibi.

Vaileth akageuka kwa mshtuko. "Bibi! Samahani. Hii ni michezo tu ya kupoteza muda."

"Michezo ya muda gani?"

Mwanamke yule akasita. "Miaka miwili."

"Na Sadoki?"

"Hajui. Bibi, nakuomba usimwambie." Akavua glavu. "Nilikuja hapa na mtoto mgongoni. Karakana zote nilizopita waliniambia nikapike chapati. Yeye alinivisha miwani, akaniambia simama hapa, ukiungua utajifunza. Mtoto alipougua alikaa nasi wodini usiku mzima. Sasa mtu kama huyo nitamwambiaje kwamba mashine yake ni ndefu mno?"

"Umejuaje kuwa ni ndefu?"

"Nilipanda huko kwenu, bosi akiwa ametuma salamu kwanza, kubadilisha nati kwenye mashine ya mama mmoja. Nikaenda nyuma ya migomba kunawa, nikakuta jiwe. Juu lilikuwa limeng'aa, lina alama za soli za kandambili. Nikajiuliza, nani anasimama juu ya jiwe gizani kwenye migomba? Kisha nikaitazama mashine, nikamtazama yule mama. Sikuuliza."

Bibi Elinipa alianza kucheka, akacheka mpaka ikabidi akae kwenye kile kiti cha ubao. Miguu yake ikaangukia kwenye kikanyagio chenyewe, kama ya mtu aliyerudi kwenye cherehani yake. Akakanyaga. Kitu kikazunguka tumboni mwa mashine.

"Sisi tunamficha kule," alisema, "na ninyi mnamficha huku. Na wote tunampenda. Maskini Sadoki, amezungukwa."

Honi ikalia getini. Kabla haijalia mara ya pili, turubai lilikuwa limerudi, Abdiel amenyamaza, na kila mtu ameinamia kazi. Bibi alilitazama turubai. Akaona ni jiwe lingine tu, la rangi ya bluu.

Sadoki alipoingia alimkuta kwenye kiti chenye mto.

"Baba, nina ombi," alisema Bibi Elinipa. "Kahawa imeiva na mkono ndio huu. Jumatano njoo unisaidie kumenya. Uje na huyu binti Vaileth, na pikapu."

"Nitakuja na karakana nzima! Tutaimba!"

"Hapana. Usitume salamu, usimwambie mtu. Na usiimbe. Tena usiseme neno lolote mpaka ndoo ya mwisho."

Sadoki alimkodolea macho. "Nije bubu?"

"Uliniuliza swali. Unataka jibu au hutaki?"

Mafundi walikuwa wamesimama wakisikiliza. Hakuna aliyewahi kumwambia bosi anyamaze. Sadoki aliangalia sanduku la mawazo mlangoni, akamwangalia bibi, akapitisha vidole viwili midomoni kama anayefunga zipu.

"Haya, anza Jumatano," alisema Bibi. "Leo bado unaruhusiwa."

Kabla Yona hajamfuata, Bibi alipata nafasi ya kumnong'oneza Vaileth maneno mawili: "Ipakie garini."

*

Jumatano asubuhi Esther alikuja kusaidia kuchuma. Walikuwa wamejaza ndoo tatu waliposikia gari likipanda. Esther alichungulia kati ya majani.

"Mama Yona! Ni Sadoki! Mbona hakutuma salamu? Jiwe! Jiwe lako!" Akakimbia, akalikumbatia jiwe, akaanza kulibiringisha kuelekea migombani.

"Liache."

"Umerukwa na akili?"

"Liache hapo hapo, Esther. Panda juu umenye."

Sadoki alishuka na Vaileth, akainamisha kichwa badala ya kuamkia. Esther alimwangalia kwa wasiwasi. "Ana nini? Amefiwa?"

"Ameniahidi kunyamaza. Wewe fanya kazi."

Esther akapanda kwenye jiwe huku akijikunja kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa na nguo za ndani kwenye kamba. Akamwaga kahawa juu, akaushika mpini. Kila ulipofika juu, alinyooka kwa vidole vya miguu na mikono ikapita kichwa. Kila uliposhuka, kiuno kilijikunja. Jiwe likatikisika, naye akapanua miguu bila kutazama, kwa mazoea ya miaka minne. Matunda yakaanza kutoka, punje upande mmoja, maganda mekundu upande mwingine.

Sadoki alilitazama jiwe, na ule mng'ao wake wa juu. Alitazama nyayo. Akautazama mkono wenye bendeji. Mdomo wake ukafunguka, na Bibi akaunyanyua ule mkono wa bendeji juu kama askari wa barabarani. Ukafungwa.

Akasogea, akamgusa Esther begani amwachie. Akaushika mpini akiwa amesimama, akazungusha kidogo, kwake ulikuwa mwepesi kama kukoroga uji. Halafu akapiga magoti chini kwenye matope na maganda, na suruali yake nzuri, mpaka kichwa chake kikawa sawa na cha Esther. Akazungusha hivyo.

Alizungusha ndoo nzima. Katikati alianza kupumua kwa mdomo. Esther hakuvumilia. "Jamani, si atuambie kitu! Ukimya wake unanitisha kuliko wimbo."

Ila ukimya ule ulikuwa umeacha nafasi, na Bibi Elinipa alikuwa anasubiri kuona nani ataingia. Alikuwa hajui. Alitamani kujua, kama mtu aliyepanda mbegu asiyoijua jina.

"Bosi," alisema Vaileth. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akakohoa, akaanza tena. "Bosi, nina kitu kwenye gari. Nilikwambia ni vipuri. Si vipuri."

Wakaishusha pamoja. Alipoliondoa turubai, Sadoki aliizunguka ile mashine fupi mara mbili, akagusa maua ya kikanyagio. Mikono yake ikaenda kwenye mnyororo, kurekebisha kitu. Ikasimama hewani. Akaitia mifukoni.

Bibi Elinipa akakaa kwenye kiti cha ubao, mkono mbovu mapajani. Esther akammwagia kahawa, Bibi akamfukuza. "Peke yangu, ndiyo makubaliano na Yona. Ondoka hapa." Akamwaga mwenyewe kwa kikombe, kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo. Akakanyaga.

Ilikuwa mbaya. Mnyororo uliruka, na theluthi ya punje zilitoka zimepasuka. Esther aliziokota akatikisa kichwa. "Hii inatafuna, haimenyi."

"Ngoja." Vaileth alikuwa ameshapiga magoti na spana. "Ngoma hii ya kumenyea imebana upande huu. Mnyororo nilijua, ila ngoma sikujua, sikuwahi kuijaribu na kahawa mbichi. Ningeipata wapi mjini bila kuuliza?" Akalegeza, akabana, akapiga kwa kisigino cha kiganja. "Bibi, tena."

Mara ya pili zilipasuka chache. Mara ya tatu Bibi Elinipa alikanyaga, na punje zikateleza nje nzima, zenye utelezi na weupe, moja juu ya nyingine, na sauti ikawa moja, tulivu, kama paka anayekoroma. Alikanyaga mpaka ndoo ikaisha. Hakuna aliyemgusa.

Alipomaliza akamwambia Esther amshikie simu, ampigie Yona.

"Sikiliza," alisema, akamwaga kikombe kimoja zaidi, akakanyaga.

"Hiyo ni nini, Mama?"

"Kahawa."

"Nani anazungusha?"

"Mimi."

"Kwa mkono gani, jamani Mama?"

"Kwa miguu. Na ndoo moja imekwisha."

Yona akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Basi Jumamosi msumeno nauacha. Nilete mbolea?"

"Leta. Na mkate."

Bibi akamgeukia Sadoki. "Ndoo zimekwisha, baba. Sema."

Sadoki alikuwa amekaa. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, na magoti yake marefu yalikuwa yamemfika kifuani. Hakuwa na haraka ya kusema, jambo ambalo Bibi hakuwahi kuliona kwake tangu akiwa mtoto.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza.

"Ulikuwa unaimba vizuri," alisema Bibi Elinipa.

Hakuna aliyecheka. Sadoki alifuta uso kwa kiganja chenye matope. "Nyumba ishirini na mbili," alisema. "Kila moja na jiwe?"

"Langu naliita mimbari," alisema Esther. "Samahani lakini. Na Mchungaji alishaiombea, tungefanyaje?"

"Mchungaji aliombea mashine," alisema Bibi. "Sikumsikia akiuombea urefu wake."

Hapo Sadoki akacheka, na kile kicheko chake kikubwa kikawaambukiza wote, na Bibi akafurahi kwamba hakijapotea. Asingependa kipotee. Hicho ndicho kilichomleta Vaileth kwenye miwani na mashine ya kwanza kanisani. Akamwona Sadoki akimgeukia Vaileth, akivuta pumzi kusema jambo, kisha akaiachia ile pumzi bila maneno na kungoja. Ilimgharimu. Mishipa ya shingo yake ilionekana.

"Ngoma tuifanye ya kubadilisha pengo," alisema Vaileth baada ya muda. "Na kiti kipande na kushuka. Si kila mtu ni mfupi."

"Endelea," alisema Sadoki.

Akaendelea. Walikula loshoro, ule mlo wa mahindi na maziwa ya mgando, kutoka kwenye sufuria moja huku akichora kwa kijiti kwenye udongo, na Esther akimkosoa kana kwamba amesomea uhandisi.

Walipokuwa wanaondoka, Sadoki alilinyanyua jiwe. "Mama, nipe hili. Nitaliweka mlangoni mwa karakana, karibu na lile sanduku, watu walione kila siku."

Bibi Elinipa alifikiri. "Hapana, liache. Ukilipeleka kule utalielezea vizuri mno. Watalipenda, watalipiga picha, kisha watasubiri ulete lingine."

Sadoki alisimama na jiwe mikononi, akaonekana anataka kubisha. Kisha akalirudisha taratibu kwenye shimo lake pale pale, akalipangusa vumbi. Mashine fupi ikabaki, ile ndefu ikapakiwa garini. Vaileth aliingia akiwa bado anaandika kitu kwenye kiganja kwa kalamu.

Gari lilipowaka, Bibi alisogea dirishani akashika mlango kwa mkono wake mzima.

"Mje tena," alisema. "Hii itaharibika, na kuna nyumba nyingine hamjaona. Mje tena karibuni. Ila msitume salamu mbele."